Mfanyabiashara Muislamu na mzigo wa frasila mbili

 

Ndugu Waislamu, wiki hii nimeona tuzungumze jambo ambalo kwa haraka laweza kuonekana si la safu ya dini, nalo ni mchanganuo wa biashara. Anayeona hivyo na aitazame tena Qur'an. Aya ndefu kuliko zote ndani yake, ya 282 katika Suratul-Baqarah, haikushuka kufafanua swala wala hija. Imeshuka kufafanua deni: liandikwe vipi, nani aandike, nani ashuhudie. Kama Mola ametenga nafasi yote hiyo kwa ajili ya daftari, basi wapo wanaoliona daftari kuwa jambo la kidunia tu ambao hawajalisoma somo lao vizuri.

Sababu ya kuandika haya iko hapa hapa Gongoni, Tabora mjini. Sheria inazitaka halmashauri nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa 2024. La muhimu kwetu ni kwamba haina riba. Kwa Muislamu hii ni fursa ya kushukuru, kwa sababu mlango unaopakana nayo ni ile mikopo ya mitaani ambayo wakopaji wenyewe wameipa jina la "kausha damu". Jina lenyewe linatosha, sina haja ya kulifasiri.

Lakini ili kikundi kipate mkopo lazima kilete mchanganuo. Basi baada ya darasa la Alasiri huja watu wakitaka wasaidiwe kuandika. Kikundi kimoja cha akina mama kumi na wawili kililetea mchanganuo wa kurasa kumi na nne. Wanaomba shilingi milioni 5. Ndani yake mna biashara kumi na moja: asali, karanga, kuku wa kienyeji, sabuni ya maji, batiki, kukodisha viti na maturubai, uwakala wa fedha za simu, dagaa wa Kigoma, genge la mboga, vitafunwa vya shuleni, na mwisho kabisa "biashara nyinginezo zitakazojitokeza". Gawanyeni wenyewe. Kila biashara haipati hata laki tano. Kwa pesa hiyo hakuna turubai la maana utakalonunua, na uwakala utakwama siku ya kwanza ambayo wateja watatu watataka kutoa pesa kwa pamoja.

Niliwauliza swali moja tu: katika hizi kumi na moja, ni ipi ambayo ikifa, zote zinakufa? Wakatazamana. Mkubwa wao kwa umri akacheka, akasema, "Ustadhi, sisi tumeandika zote ili moja ikigoma nyingine ishike. Kwani Nabii Yaakub hakuwaambia wanawe wasiingie kwa mlango mmoja?"

Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana mama yule amesoma. Ni kweli katika Suratu Yusuf, aya ya 67, Yaakub (AS) anawausia wanawe waingie Misri kwa milango mbalimbali. Wafasiri wengi wamesema aliwahofia jicho la hasadi. Lakini tuhesabu vizuri. Safari ile walikuwa ndugu kumi na mmoja. Kila mmoja alitakiwa apite mlango wake, hakuna aliyeambiwa apite milango yote. Mtu mmoja akijaribu kuingia kwa milango minne kwa wakati mmoja hafiki ndani, atabaki anazunguka ukuta wa mji. Ummah una haja ya watu wengi katika biashara nyingi. Kikundi chenye milioni tano kina haja ya mlango wake.

Na katika sura hiyo hiyo, kurasa chache nyuma yake, umo mpango wa uchumi uliookoa nchi nzima. Mfalme ameota, Yusuf (AS) akafasiri, kisha akatoa mpango (aya ya 47 hadi 49). Tazameni ulivyo mfupi. Limeni miaka saba mfululizo. Mnachovuna kiacheni katika mashuke yake. Kuleni kidogo. Hakutaja ujenzi wa majumba, hakutaja kupanua mji, wala hakuorodhesha mazao kumi na moja. Njaa ndiyo iliyokuwa inakuja, na dhidi ya njaa alichagua mambo matatu ambayo likiachwa hata moja watu wangekufa. Hapo ndipo ilipo tofauti ya mpango na orodha ya matamanio.

Sisi watu wa Tabora tulipaswa kulijua somo hili kuliko wengine, maana mji wetu umezaliwa na mizigo. Kabla haujaitwa Tabora, wasafiri waliujua kwa jina la Kazeh, katika nchi ya Unyanyembe. Mwingereza Richard Burton na mwenzake Speke waliingia hapa tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu waondoke pwani. Walipokelewa na wafanyabiashara wa Kiarabu, akiwamo Snay bin Amir aliyewakirimu sana. Kwa kawaida misafara ilipofika hapa ilivunjwa. Wapagazi waliotoka pwani waliagwa, wengine wakaajiriwa, mizigo ikafunguliwa, ikapangwa upya kwa safari ya Ujiji, Karagwe au Buganda. Yaani kazi ya mji huu ilikuwa kuamua kipi kiende na kipi kibaki.

Uamuzi huo haukuwa wa hiari. Mpagazi alibeba frasila mbili, karibu kilo 32, na zaidi ya hapo hakubeba. Hakukuwa na gari, na ng'ombe na punda waliuawa na mbung'o njiani. Kila kilichoingia katika mzigo kilikuwa kimekitoa kitu kingine. Isitoshe, mpagazi mwenyewe alikula njiani, na chakula chake kilinunuliwa kwa nguo ile ile iliyobebwa. Bado kulikuwa na hongo za watemi. (Siku hizo hongo lilikuwa tozo la wazi la kupita katika nchi ya mtu, likikadiriwa na kujadiliwa hadharani. Namna neno hili lilivyohamia chini ya meza ni mada ya siku nyingine.)

Mwanzoni mwa mwaka 1871 alifika Unguja mwandishi wa gazeti la Marekani, Henry Morton Stanley, akijiandaa kumtafuta Livingstone. Hakujua abebe nini. Vitabu vya Wazungu waliomtangulia alikuwa amevisoma, havikumwambia. Akaenda kwa mzee mmoja wa Kiarabu, Sheikh Hashid, ambaye alikuwa amewahi kutuma misafara yake bara. Stanley mwenyewe ameandika kuwa kwa mzee huyo alijifunza mengi kuliko aliyoyapata katika miezi mitatu ya kusoma. Na mzee alianza wapi? Alianza na chakula: watu mia moja wanahitaji doti kumi za nguo kwa siku, yaani yadi arobaini, ili wale. Kutoka hapo hesabu ikajipanga yenyewe: merikani doti 2,000, kaniki 1,000, nguo za rangi 650. Kisha shanga, na hapa ndipo palipokuwa na mtihani. Shanga nyeusi zilikuwa fedha kamili Ugogo, kwingine kote hazikuwa na thamani. Zile kubwa zenye umbo la yai zilipendwa Ujiji na Uguha, kwingine zilikataliwa. Mtu aliyebeba "shanga nyinginezo" kwa matumaini tu angeweza kufa njaa akiwa na mzigo mzito wa shanga.

Mzee yule hakuwa na shahada ya biashara, nasi wenye shahada tuseme ukweli kwamba yale tuliyofundishwa chuoni kwa chati na mishale, yeye aliyaweka katika swali moja: watu wako watakula nini, na huko unakokwenda wanapokea nini?

Wanazuoni wetu wameliweka jambo hili katika kanuni. Imamu al-Ghazali (aliyefariki mwaka 505 Hijria), na baada yake Imamu al-Shatibi wa Andalusia (790 Hijria) katika kitabu chake al-Muwafaqat, wameyagawa masilahi ya watu katika daraja tatu. Kuna dharuriyyat, yale ambayo yakikosekana maisha yanavunjika. Kuna hajiyyat, ambayo yakikosekana kuna dhiki lakini maisha yanaendelea. Na kuna tahsiniyyat, mapambo na ukamilifu. Haifai kubomoa la juu ili kujenga la chini. Mtume (SAW) alipomtuma Muadh bin Jabal (RA) Yemen hakumpa orodha ya mambo yote ya dini kwa mkupuo. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, alimwelekeza aanze na shahada, wakikubali awafundishe swala tano, wakikubali awafundishe zaka. Dini yenyewe ilipelekwa kwa mpangilio, seuze biashara ya sabuni.

Basi nikawaomba wale mama zangu tuzipitishe zile kurasa kumi na nne katika daraja hizo. Kadi za kikundi, sare za kitenge, bango la rangi: tahsiniyyat. Freezer, pikipiki ya kusambazia mzigo, fremu ya barabarani: hajiyyat, zitakuja kwa faida. Mwisho tukabaki na mambo matatu, na nadiriki kusema kuwa kwa biashara nyingi ndogo za mji huu hayazidi hayo.

La kwanza ni soko. Abdurrahman bin Auf (RA) alihamia Madina akiwa hana kitu. Saad bin Rabii (RA), nduguye wa Kiansari, akamtolea nusu ya mali yake. Akamwombea baraka, kisha akaomba jambo moja, aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akaanza na jibini kavu na samli. Alianza na vitu viwili ambavyo watu wa Madina walikula kila siku, na utajiri wote tunaousimulia ulikuja baadaye. Akina mama wale wanajua asali. Wawili kati yao wana ndugu wenye mizinga Sikonge, na mmoja ana wateja Dar es Salaam wanaompigia simu kila msimu. Sasa kuku wanatokea wapi? Asali ya Tabora inajiuza, ilimradi isichanganywe na sukari guru. Mtume (SAW) alipita sokoni akaingiza mkono katika lundo la nafaka akakuta unyevu uliofichwa chini, akabainisha kuwa mwenye kughushi hayumo katika watu wake. Imo katika Sahih Muslim. Dumu moja lililochanganywa litaua soko ambalo kurasa kumi na nne haziwezi kulifufua.

La pili ni kuutenga mtaji. Hapa sitasema mengi kwa kuwa kila mtu anajijua. Pesa ya mkopo ikilala chumba kimoja na pesa ya mchango wa harusi, asubuhi utaikuta moja tu.

La tatu ni deni, na hili ndilo linalotumaliza. Nenda duka lolote la mtaani kwetu, utaambiwa faida ipo lakini iko kwa watu. Na ukiuliza imeandikwa wapi, muuzaji anagusa kichwa chake! Anaona haya kumwandika jirani, shemeji au mwalimu wa madrasa. Wakati aya ile ya 282 inakataza watu kuchoka kuandika deni, dogo au kubwa, pamoja na muda wake, na inabainisha kuwa huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Allah na ndio unaoondoa shaka. Kuandika si kumdhania mtu vibaya. Kuandika ni kumlinda nduguyo asije akaingia katika dhulma kwa kusahau. Hata warithi wako unawalinda, maana watagombana na watu juu ya deni ambalo shahidi wake yuko kaburini.

Deni limeshikana na amana, na kwa hili historia ya njia yetu ina kisa kichungu. Livingstone alipofika Ujiji Oktoba 1871, mgonjwa na mchovu, alitegemea kukuta bidhaa alizotumiwa kutoka Unguja. Hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa, aliyeitwa Sherif, alikuwa amezinunulia pembe. Utetezi wake? Alidai alipiga ramli kwa Qur'an ikamwonyesha kuwa mzungu amekwisha kufa! Kitabu kinachoamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe (4:58) kinageuzwa chombo cha kuila amana. Lakini tusimalizie hapo, kwa kuwa Livingstone huyo huyo ameandika pia juu ya Said bin Majid, Mwarabu wa Ujiji, aliyemfuata faragha akamweleza kuwa bidhaa hana lakini pembe anazo, akamwomba akubali auze baadhi yake ampe bidhaa. Mji mmoja, dini moja, mwezi mmoja. Wateja wetu wasio Waislamu hawasomi vitabu vya fiqhi, wanatusoma sisi, na kila siku wanakutana ama na Sherif ama na Said.

Sasa nifike panapouma. Siwezi kuisifu mipango ya misafara nikanyamaza juu ya waliofungwa minyororo ndani yake. Najua wapo watakaosema kuwa wamishionari na watawala wa kikoloni waliitumia habari hii kuupaka matope Uislamu, huku wakinyamazia meli za Wazungu zilizobeba Waafrika kwenda Marekani. Ni kweli waliitumia hivyo, na ni unafiki. Lakini unafiki wao hauifuti dhambi. Matajiri wa njia hii, na Tippu Tip ambaye babake alikuwa na makazi hapa Unyanyembe ni mmoja wao, walikuwa hodari wa kupima, kukopa, kupanga na kuvumilia. Walijua shanga ipi inakubalika wapi. Ila katika orodha ya wanazuoni ya mambo matano yanayolindwa na sharia, yaani dini, nafsi, akili, kizazi na mali, mali ni ya mwisho. Wao waliipandisha juu ya nafsi za watu. Na imo katika Sahih Bukhari, hadithi Qudsi, kwamba miongoni mwa watatu ambao Allah mwenyewe atakuwa hasimu wao siku ya Kiyama ni mtu aliyemuuza aliye huru akala thamani yake. Wengi waliopitishwa hapa kwenda pwani walikuwa watu huru waliotekwa vijijini kwao. Biashara inaweza kupangwa kwa ustadi wote na bado ikawa imekosea jambo la kwanza kabisa. Ndiyo maana kabla ya kuuliza kipi kinalipa, tunauliza kipi halali. Mwenye kumtumikisha mtoto wa ndugu yake dukani kuanzia alfajiri hadi usiku bila mshahara wala shule, naye ajipime kwa orodha hiyo.

Wapo watakaosema: Ustadhi, riziki iko kwa Mungu, mambo ya kupanga yanatoka wapi? Hakuna nafsi inayojua itachuma nini kesho (31:34). Hiyo ni kweli, na ndiyo sababu ya kupanga machache. Asiyejua kesho habebi mizigo kumi na moja. Yule bedui aliyemuuliza Mtume (SAW) kama amfunge ngamia wake au amwache na kutegemea, alielekezwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Na alikuwa na ngamia mmoja wa kumfunga.

Tena mpango si msahafu, unabadilishwa. Mwaka 1912 reli ilifika Tabora kutoka Dar es Salaam, na 1914 ikafika Kigoma. Kazi ya upagazi wa masafa marefu ikafa ndani ya miaka michache tu. Aliyekuwa bado anapima frasila mbili mbili alipitwa na behewa. Wakati mzuri wa kuuangalia upya mchanganuo tayari tumewekewa, nao ni siku mwaka wa zaka unapotimia, kwa kuwa siku hiyo mfanyabiashara Muislamu analazimika kuhesabu bidhaa zote za dukani, fedha na madeni anayotarajia kulipwa. Ukishahesabu kwa ajili ya Allah, unajua pia kipi kimelala rafuni miezi tisa.

Na kwa kuwa nimeitaja zaka, nimalizie na wale ambao ushauri huu umewakuta wamekwisha zama. Wako Gongoni, tunaswali nao safu moja. Walichukua laki mbili za kausha damu, wamekwisha lipa laki nne na bado wanadaiwa. Televisheni imechukuliwa, cherehani imechukuliwa. Hawa mchanganuo hauwasaidii leo. Allah amewataja wenye madeni miongoni mwa mafungu manane ya zaka (9:60). Lakini zaka yetu tunaigawa vipi? Inachenjiwa noti za elfu moja moja, inagawiwa mlangoni kwa watu mia mbili, jioni hakuna aliyebadilika. Umar bin al-Khattab (RA) alielekeza kuwa mkitoa, mtoe mpaka mumtosheleze mtu. Laki mbili hizo hizo zinamrudishia mama mmoja cherehani yake. Matajiri wanne au watano wa mtaa mmoja wanaweza kukaa na imamu wao kabla ya Ramadhani, wakapata majina matatu kwa siri, bila kamera wala kipaza sauti, na wakayafuta madeni hayo matatu mpaka senti ya mwisho.